Wiki Tatu, Mahali Palepale

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mwisho wa chumba. Lyman, kaa hapa mkono wa kulia. Alvah, simama ukitaka, najua mgongo unakusumbua tangu mavuno. Nawe Drusilla, kaa nikuone. Mlango wa jikoni uacheni wazi kama ulivyo. Mama yenu anamenya tufaha pale, na haya nitakayosema ana haki ya kuyasikia kuliko ninyi.

Mali nimeigawa kwa maandishi tangu mwezi wa tatu, na nakala iko kwenye sanduku la vyombo vyangu vya upimaji, chini ya mnyororo wa kupimia. Nyumba na ghala ni za mama yenu maisha yake yote. Shamba la juu la ngano ni la Alvah. Shamba la mahindi na ng'ombe ni la Lyman. Drusilla atapata farasi wawili na samani zote alizoziandika mwenyewe kwenye orodha, pamoja na saa ya ukutani ambayo hakuiandika kwa kuona haya. Hayo hayana mgogoro. Lililobaki ni eka nne za malisho ya kijitoni, ambazo nilikuahidi wewe Lyman, na ambazo leo naomba nizitoe kwa mtu mwingine. Kabla hujakasirika, nisikilize mpaka mwisho, kisha ukasirike ukiwa na hesabu kamili.

Mwaka wa elfu moja mia nane hamsini na moja, kabla hamjazaliwa, mpaka wetu na Hosea Pruitt ulikuwa umepinda. Ulifuata mkondo wa zamani wa kijito, ukiingia kwake na kutokea kwetu kama mshono wa mtu mlevi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni miaka minne tu, mpima ardhi wa wilaya nzima, na kila nilipopita pale nilijisikia kama mshonaji aliyevaa koti lililochanika. Nikamwendea Hosea, tukakubaliana kubadilishana: yeye anipe kipande cha pembetatu cha upande wa mashariki, nami nimpe pembetatu ya magharibi, kila moja theluthi ya eka, ili uzio uende mstari mmoja ulionyooka. Nilipima mara mbili. Tofauti ya pembetatu zile mbili haikuzidi upana wa meza hii. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Sasa sikilizeni. Katika pembetatu ya magharibi, chini ya mti wa tufaha, alikuwa amezikwa dada yenu. Ndiyo, Drusilla, ulikuwa na dada. Aliitwa Lovina, aliishi siku kumi na tisa, na tulimzika mwezi wa pili wa mwaka uliotangulia, ardhi ikiwa imeganda hata nikavunja mpini wa sururu. Hatukuwa na jiwe la kuchonga. Tuliweka jiwe la shambani. Kitabu changu cha vipimo vya siku ile kipo, mtakisoma wenyewe. Nimeandika kwa mkono wangu: "Mti wa tufaha. Futi sita kusini, jiwe." Sikuandika kaburi. Niliandika jiwe.

Mama yenu nilimwambia mezani, nikiwa natafuna, kwamba mtoto tutamhamisha baadaye, vile mtu anavyozungumzia nguzo. Hakujibu, nami nikahesabu kimya chake kuwa ni ndiyo.

Mnajua sheria ya jimbo letu: mume akitoa ardhi, mke lazima atie sahihi, na hakimu wa kata lazima amchukue kando, mbali na mumewe, amuulize kama anatia sahihi kwa hiari yake bila kuogopa wala kulazimishwa. Ni sheria nzuri. Hakimu wetu wakati ule, mzee Tolland, alikuja siku ya mvua, akala vipande viwili vya mkate wa maboga, akataka kuvuka kijito kabla maji hayajajaa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika wino. Akasema, "Bibi Orcutt, unatia sahihi kwa hiari yako, au bwana huyu amekutisha?" Akacheka, nami nikacheka. Mama yenu akautazama wino, akatia sahihi. Na hati ikaandikwa, iko mahakamani mpaka leo, kwamba Keziah Orcutt aliulizwa faraghani, mumewe akiwa hayupo. Kila neno katika hati ile limeandikwa kama sheria inavyotaka, na ni uongo.

Mwezi wa tano Hosea alijenga uzio, akafungulia nguruwe upande wake. Hakuwa na ubaya. Sikumwambia kuna nini pale, na nguruwe hufukua wanapopenda. Mama yenu aliwaona akiwa anaanika nguo. Aliiacha shuka moja ikining'inia kwa kibanio kimoja, akapanda uzio, akawafukuza kwa mikono, kisha akaenda kwa miguu mpaka kwa kaka yake, maili kumi na nane, bila kofia.

Nilingoja siku tatu. Siku ya nne nilikwenda mjini kwa mchapishaji wa gazeti, Bwana Quigg, kutoa tangazo, kwa kuwa ndivyo waume wa hapa walivyofanya mke akiondoka, na nilikuwa nimeyasoma matangazo hayo tangu utotoni kama mtu asomavyo bei ya shayiri. Quigg akaniambia, "Una bahati, Orcutt. Lile la mwenzako wa wiki jana bado sijalipangua, herufi zote zimekaa. Nabadilisha jina tu." Akanionyesha. Lilisema kwamba mke wangu Keziah ameondoka kitandani na mezani pangu bila sababu yoyote ya haki, na kwamba watu wote wanaonywa wasimwamini wala kumkopesha kwa jina langu. Nililisoma kwa makini. Jina lake alikuwa amelikosea, nikamsahihisha. Maneno "bila sababu yoyote ya haki" niliyaacha. Nikalipia wiki tatu.

Alirudi siku ya kumi na sita. Alipita kwenye banda kabla ya kuingia nyumbani, akakamua. Nilipomkuta pale akasema bila kugeuka, "Ng'ombe hajanikosea kitu." Hayo tu. Na wiki hiyohiyo Quigg, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, alimtuma mtu kuniuliza kama alichape tangazo hata mara ya tatu, maana mke amesharudi. Wanangu, nilijibu, "Nimeshalipia wiki tatu." Ndivyo nilivyosema. Likatoka mara ya tatu, chini ya tangazo la mtamba aliyepotea mwenye sikio la kushoto lililochanwa na juu ya mnada wa mahakama, mama yenu akiwa jikoni kwangu anakanda unga.

Jumamosi akaenda dukani kwa Bascom kuchukua chumvi na uzi. Bascom alikuwa mtu wa adabu, akamwambia taratibu, "Samahani, Bibi Orcutt, mume wako ametangaza. Kamuulize kwanza." Na mmoja wa wale waliokuwa wanaota moto akasema, "Mayai mezani kwanza, mama, usije ukatutoroka na sisi." Wakacheka. Tangu siku ile, hakuwahi kutaja anachotaka dukani kabla ya kuweka mayai au siagi yake mezani, yahesabiwe. Mara moja kwa wiki, miaka thelathini na mitatu. Nikiondoa wiki za theluji na za uzazi, ni mara elfu moja na mia tano, au zaidi. Drusilla, nakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na miwili ukarudi unalia, "Kwa nini mama anafanya kama sisi wezi?" Nami nikakwambia mama yako ni mtu wa utaratibu. Nisamehe kwa hilo. Utaratibu ulikuwa wangu.

Nipe maji, Alvah. Kidogo. Inatosha.

Hosea alipojua, alilizungushia lile jiwe fito nne kwa mikono yake, wala hakuniambia neno mpaka anakufa. Mama yenu amekuwa akipanda uzio wa jirani kila Jumapili kumwona mwanawe, mpaka magoti yalipomkatalia mwaka juzi. Uzio ule umenyooka. Mnaweza kufumba jicho moja mkautazama kutoka barabarani, nguzo zote zinakuwa moja.

Sasa nasema ninachotaka. Enos, mwana wa Hosea, amekubali kunirudishia pembetatu ile, lakini anataka malisho ya kijitoni. Lyman, jana uliniuliza, "Eka nne zenye maji, baba, kwa kipembe cha nguruwe?" Hesabu yako ni sahihi. Ni mara kumi na mbili, bila kuhesabu maji. Kisheria sihitaji idhini yako, hati inataka sahihi yangu na ya mama yenu tu. Lakini nimeshawahi kutengeneza hati iliyokuwa halali bila kumuuliza aliyehusika, kwa hiyo nakuuliza. Umeinamisha kichwa. Zamani ningehesabu hiyo kuwa ni ndiyo. Sihesabu tena. Sema, mwanangu, ndiyo au hapana.

Nimesikia. Ahsante. Mungu akuzidishie ng'ombe na maji ya kuwanywesha.

Hakimu Vail atafika kabla ya saa nne. Akifika, ampeleke mama yenu chumba cha mbele, na mlango ufungwe. Mtu yeyote asisimame karibu na mlango, wala asimpe wino mpaka aombe mwenyewe. Kama hataki kutia sahihi, hati ichomwe, na asiulizwe sababu.

Alvah, karatasi iliyo chini ya mto wangu ni ya gazeti. Nimeiandika hivi: "Mimi, Thaddeus Orcutt, natangaza kwamba mke wangu Keziah, mwaka wa 1851, aliondoka nyumbani kwa sababu ya haki, na sababu hiyo nilikuwa mimi. Tangazo nililolitoa wakati ule lilikuwa la uongo." Litoke wiki tatu, ukurasa uleule wa matangazo ya mifugo iliyopotea, kwa herufi za ukubwa uleule. Nikifa kabla, msiliweke pamoja na habari za kifo changu, watu wasije wakasema ni maneno ya kawaida ya msibani. Na zikifika wiki mbili, asiwepo wa kusema zinatosha.

Naona... ngojeni. Bado jambo moja, pumzi inakuwa fupi.

Kaburi langu sikuliandika mahali popote. Pale chini ya mti kuna nafasi ya watu wawili wazima, nimeipima kwa macho. Lakini siyo yangu kuigawa. Drusilla, hakimu akishatoka, ingia wewe, funga mlango, muulize mama yako kama anataka nilale pale. Ikiwa hapana, nipelekeni kilimani kwa baba yangu, na asiwepo wa kumtazama vibaya.

Mkono wangu hauinuki, kwa hiyo wekeni vichwa vyenu hapa, mmoja mmoja. Lyman. Alvah. Binti yangu. Mungu awalinde, awape nyumba ambamo mtu akinyamaza huulizwa tena. 

Nitafumba macho sasa. Drusilla, jibu atakalokupa usiniletee mimi. Mpelekee mchimba kaburi.