Hajati Kaltumi Ramathan na Kibaba Chake cha Maji, 1951–2025

Marehemu Hajati Kaltumi Ramathan alizaliwa Bombo, Uganda, tarehe 3 Mei 1951, mtoto wa pili wa Mzee Ramathan, aliyeshona sare za askari, na Bi Rahmah. Nyumbani kwao maji yalitoka mbali, na yalifika vichwani mwa wanawake.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Bombo hadi darasa la sita, mwaka 1964, na akahitimu msahafu kwenye chuo cha Kurani. Zawadi ya mwalimu wake ilikuwa kikombe cha bati kinachojaa kibaba kimoja barabara. Mwalimu alimwambia kuwa Mtume alitawadha kwa maji kiasi hicho. Basi! Kaltumi alilishika neno hilo miaka sitini, na wengi mliopo hapa mnajua lilivyowapata.

Mwaka 1972 aliolewa na Bwana Abdulghani, muuza vitambaa wa Nateete, mtu wa ukoo wa pwani aliyekulia kwa Waganda. Bibi alikuwa na Kinubi chake, bwana na Kiganda chake. Wakakubaliana kuishi kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho wakawagombeza watoto wao wawili, Shakib na Farhana. Bwana Abdulghani alitangulia mwaka 1998.

Kazi zake zilikuwa mbili, zote za kujitolea: aliosha maiti wa kike mtaani kwetu, na alitunza chemchemi iliyo bondeni chini ya msikiti. Ukuta wake na yale mabomba mawili yaliyochomelewa kwa mafundi wa Katwe, ni yeye aliyevihangaikia. Kila Jumapili alizibua mfereji, akiwafukuza waosha pikipiki kwa fimbo ya ufagio. Asubuhi ya Idi mwaka 2009 maji ya msikiti yalikatika, wanawake wakaanza kurudi makwao. Hajati akasimama mlangoni na kikombe chake, akampimia kila mmoja. Wanawake themanini na sita walitawadha kwa jerikeni tatu. Aliyeomba nyongeza aliulizwa kama ana miguu minne.

Yanayofuata Shakib ameomba mwenyewe yasomwe. Mwaka 2013 alijenga vyumba vya kupangisha mlimani, akachimba choo cha shimo hatua ishirini tu juu ya chemchemi. Mama akamwambia afukie, maana uchafu ungeshuka hadi kwenye mabomba. Shakib akajibu kwamba kiwanja ni chake na wapangaji wanahamia mwisho wa mwezi. Miezi minne mama na mwana wakawa watu wa salamu tu. Ilimuuma mno mama; Farhana alimkuta zaidi ya mara moja akilia jikoni. Mwishowe Hajati alijaza kikombe chemchemini, akapanda nacho hadi kwa mwanawe, akakiweka mbele yake.

“Mwanangu, nikifa nataka nioshwe kwa maji haya,” alisema. “Kama hayatafaa kunioshea mimi, basi hayafai kunyweshwa watoto wa watu.”

Kesho yake Shakib alishika koleo, akaanza kulifukia shimo kwa mikono yake. Kazi ilimchukua siku sita, na choo kikahamia upande wa pili, kando ya barabara. Siku ya saba mama alikwenda kula kwake.

Mwaka 2023 figo za Hajati zilianza kushindwa. Daktari akamwekea kipimo: nusu lita kwa siku, chai na mchuzi humo humo. Kiu ilimtesa, tusidanganyane. Farhana alimpimia kwa kikombe kile kile, bila kukijaza, naye mama akacheka kidogo, akasema amewabana watu miaka yote na sasa ni zamu yake. Alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, baada ya Alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Shakib.

Asubuhi ya leo Shakib alishuka chemchemini, akateka jerikeni tatu, akazipandisha moja moja begani na kukataa kusaidiwa. Kabla hazijaingizwa ndani alijaza kikombe, akanywa chote mbele yetu. Farhana na wenzake walimwosha mama mara tatu, kama alivyowafundisha mwenyewe, kwa kikombe chake. Maji yalitosha. Jerikeni ya tatu ilirudi nje haijafunguliwa kifuniko.

Ameacha watoto wawili, wajukuu saba, dada yake Bi Taqwa, na chemchemi ambayo funguo za uzio wake sasa ziko kwa Shakib. Jerikeni iliyobaki iko hapo mlangoni kwa ajili ya udhu wa sala ya jeneza, na kikombe kiko juu yake. Tafadhalini, kila mtu kibaba kimoja.

Mola ampumzishe kwa amani, mahali ambapo maji hayapimwi.