Basi la Donie Teahan Lasimama Kilcarrow

Wasikilizaji wapendwa, kama birika liko motoni, liacheni lichemke. Kama mko barabarani, punguzeni mwendo, maana mbele yenu lazima kuna basi la watalii, na mvua imeanza tena. Leo tunamkumbuka Donie Teahan wa Ballydoona. Dereva wa basi. Mchezaji wa mpira. Mbishi kupita kiasi. Donie ametutoka wiki iliyopita, kitandani mwake, binti yake Noreen akiwa amemshika mkono. Tumehuzunika, ndiyo. Lakini anayedhani kipindi cha Donie kitapita bila kicheko, huyo hakumjua Donie.

Aliendesha basi la watalii tangu ujana hadi magoti yalipomgomea. Kwa kila mji wa kaunti yetu hii ya Kerry alikuwa na neno lake, na alilisema kwenye kipaza sauti kama mtu anayewasifia wanawe. Dingle, aliwaambia wageni, ni mji wa kuingia na njaa. "Samaki wa hapa ameamka leo baharini, nyinyi mkiwa bado mnakoroma." Kenmare ni mji wa kuvaa viatu safi. Sneem kila nyumba ina rangi yake, "kwa sababu huku jirani hakubali kufanana na jirani." Na Waterville aliwashusha hata kama upepo unang'oa kofia. "Ziwa nyuma, bahari mbele, nywele zenu juu. Shukeni, jamani! Hamkuja Kerry kukalia viti."

Halafu basi linaingia Kilcarrow. Mnaijua Kilcarrow. Bandari ndogo, mtaa uliopinda kama mkono wa kikapu, duka la mikate linalonukia pai ya tufaha mpaka nje. Hapo Donie alikuwa anakanyaga mafuta.

"Mabibi na mabwana," alisema, "upande wa kulia kuna bahari. Upande wa kushoto hakuna kitu."

Upande wa kushoto ulikuwa Kilcarrow yote.

Wageni walilalamika. Bibi mmoja aliwahi kusimama kabisa na kamera yake. "Dereva, mbona hatusimami? Pazuri hapa!"

"Mama, ningependa. Ila breki za basi hili zina ugomvi na mji huu."

Basi la Donie halikusimama Kilcarrow. Hata siku moja. Na sababu, wasikilizaji wapendwa, ni mpira mmoja tu.

Ilikuwa fainali ya rasi yetu, Ballydoona na Kilcarrow. Donie alikuwa kijana wa miguu mirefu na kichwa kigumu. Dakika za mwisho. Ballydoona wako nyuma kwa pointi moja. Pointi moja! Na kwa mpira wetu wa huku, mnajua, pointi ni mpira unaopita juu ya goli, kati ya milingoti. Donie akaupiga mpira kutoka pembeni, ukapaa juu ya mtambaa-panya, na yeye akaapa mpaka kufa kwamba ulipita katikati ya milingoti. Lakini nyuma ya goli alisimama Batt Kissane, mkulima wa Kilcarrow, na koti lake jeupe la mwamuzi wa goli. Bendera nyeupe ilikuwa miguuni pake. Angeiinua, ingekuwa pointi, na mechi ingekuwa sare. Hakuiinua. Akapunga mikono: nje.

Ballydoona wakashindwa kwa pointi moja.

Jumapili iliyofuata Donie akapanda baiskeli mpaka kwa Batt Kissane ili amwambie ukweli wake. Aliyefungua mlango ni msichana mwenye unga mpaka kwenye viwiko. Nuala, binti yake Batt.

"Baba yako yupo?"

"Anakamua. Na kama umekuja kwa ule mpira, ulikuwa nje."

"Wewe uliuona?"

"Mimi nilikuwa nauza chai nyuma ya uwanja. Sikuona chochote. Ulikuwa nje."

"Basi nitamsubiri mwenyewe."

"Msubiri. Lakini futa viatu."

Alipewa chai na mkate wa magadi soda. Batt alipoingia na ndoo za maziwa, walibishana mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Jumapili iliyofuata Donie akarudi. Na iliyofuata. Majira ya kuchipua yalipofika alikuwa haulizi tena kama Batt yupo.

Wakaoana. Kwenye sherehe Batt akasimama na glasi yake, macho yamemlowa, akasema, "Nakupa binti yangu, Donie, na sina zawadi nyingine kubwa kuliko huyu." Watu wakapiga makofi. Akaongeza, "Lakini ulikuwa nje." Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa bwana harusi.

Walikaa Ballydoona, wakamzaa Noreen, na nyumba yao ilikuwa ya kelele na furaha. Nuala alimtania mumewe kila siku ya Mungu. Batt alipofariki, Donie alibeba jeneza, begani, mbele kabisa, akilia wazi. Basi lake bado halikusimama Kilcarrow.

Kisha Nuala akaugua. Alitaka kulala Kilcarrow na watu wake, kwenye makaburi ya kilimani, juu ya bahari. Noreen alikuwepo chumbani, na ametusimulia maneno yao.

"Donie, imebaki nafasi moja pale. Ni yako."

"Iko upande gani?"

"Katikati. Mimi huku, Baba kule."

"Nuala! Unanilaza karibu na Batt?"

"Mtabishana vizuri. Na mimi nitakuwa nawasikia wote wawili."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Siku chache baadaye tukamzika, na nafasi ikaachwa wazi kati yake na baba yake, kama alivyotaka.

Tangu hapo Donie alikwenda Kilcarrow kila Jumapili. Si kwa basi. Aliacha gari lake dogo nje ya kibao cha mji, akapanda kilima kwa miguu na maua mkononi. Maua alimwekea Nuala. Kaburi la Batt alilipa mgongo.

Sasa hapo ndipo pagumu, wasikilizaji wapendwa. Donie alipoanza kudhoofika mwaka huu, kila mtu alikuwa na swali moja. Atazikwa wapi? Ballydoona walimtengea mahali pazuri karibu na lango la makaburi, pamoja na wazazi wake, mita chache kutoka uwanja wa mpira. Klabu ilimtaka. Kilcarrow kulikuwa na Nuala, na ile nafasi katikati. Noreen alimwuliza mara nyingi, naye akageuza kichwa dirishani. Noreen anasema alikuwa hapati usingizi kwa kuogopa kwamba baba atakwenda bila kusema, na yeye ndiye atakayebaki kuchagua kati ya mama yake na mji wake.

"Baba, amua. Usiniachie mimi mzigo huu."

"Naamua, binti yangu. Naamua polepole."

Halafu siku moja akaja Jamesie Kissane, kaka yake Nuala. Jamesie hakuwahi kumwona Donie, iwe sokoni, kanisani au msibani, bila kumwambia, "Ulikuwa nje, shemeji." Ilikuwa ndiyo salamu yake. Siku hiyo aliketi kando ya kitanda, akanywa chai, akazungumzia hali ya hewa na bei ya kondoo. Akamshika Donie bega, akaaga, akaondoka.

Donie akamwita binti yake, macho yamemtoka.

"Noreen, mimi nakufa kweli."

"Daktari amesema nini?"

"Achana na daktari. Jamesie hajanitukana!"

Walicheka mpaka Noreen akalazimika kukaa sakafuni. Na kicheko kilipotulia, Donie akasema, kwa sauti ndogo ambayo Noreen hakuwahi kuisikia kwake, "Nipeleke kwa mama yako. Nimemkumbuka sana. Batt nitamvumilia."

Kisha akaongeza, maana Donie ni Donie, "Na basi lisimame. Likisimama, lisimame vizuri. Watu washuke, wale pai."

Jumamosi msafara ukatoka Ballydoona. Gari la maiti mbele, basi nyuma yake, limejaa watu wa Ballydoona wenye jezi za njano chini ya makoti meusi. Noreen ndiye aliyekuwa kwenye usukani, maana basi hilo sasa ni lake. Walipofika Kilcarrow, maduka yote yalikuwa yamefunga milango kwa heshima, na watu wamejipanga mtaani kwenye manyunyu. Noreen akachukua kipaza sauti cha baba yake.

"Mabibi na mabwana," akasema, "upande wa kulia kuna bahari. Upande wa kushoto..."

Akapunguza mwendo.

"Upande wa kushoto ni Kilcarrow. Hapa tunashuka."

Akakanyaga breki. Zikashika.

Kilimani, padri alimaliza sala, jeneza likateremshwa katikati, Nuala upande huu, Batt upande ule. Ndipo watu wakamwona Jamesie akisogea mbele. Chini ya koti la mvua alikuwa amevaa koti jeupe la mwamuzi, la marehemu baba yake, limembana mpaka vifungo vinalia. Mkononi ana bendera nyeupe. Alisimama nyuma ya kaburi kama baba yake alivyosimama nyuma ya goli. Kisha akaiinua bendera juu kabisa, akaishikilia hapo, machozi yakichanganyika na mvua.

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ni pointi! Kisha watu wa Ballydoona wakalipuka. Makofi, vifijo, watu wazima wamekumbatiana makaburini. Sauti moja ikapaa kutoka nyuma: "Sare! Sasa kuna marudiano!" Hata padri alificha uso ndani ya kitabu chake, mabega yakimtikisika.

Baadaye, kwenye chai na sandwichi za nyama, tulimwuliza Jamesie kama sasa anakiri mpira uliingia. Alitutazama kama tumemtukana mama yake.

"Kuingia wapi? Ulikuwa nje. Lakini mtu akija kulala kwetu moja kwa moja, humpokei mikono mitupu."

Duka la mikate lilifunguliwa tena, likaishiwa pai za tufaha kabla ya saa tisa. Na Noreen ametuomba tutangaze kwamba kuanzia sasa basi la Teahan linasimama Kilcarrow kila safari.

Kwako Noreen, kwako Jamesie, na kwa jamaa zote za Teahan na Kissane, poleni sana kutoka kwetu sote hapa redioni. Mmeondokewa na mtu aliyependa kwa kichwa kigumu, na mapenzi ya namna hiyo hayachakai haraka. Nanyi mnaotusikiliza, kila mmoja wetu ana mji anaoupita bila kusimama. Huenda ni mji, huenda ni mlango wa ndugu. Jioni ya leo fikirini ni upi, na breki zenu zina ugomvi gani nao.

Donie, lala salama kando ya Nuala wako. Batt, sogea kidogo. Amekuja, na pointi yake anayo.