Fernande Desgagné, Aliyelipima Upya Tetemeko la Mwaka 1870

Mheshimiwa Padre, ndugu, majirani na marafiki mliojaa kanisani humu leo Jumamosi, tarehe 23 Oktoba 2021, familia imenipa mimi Adélard, kaka yake mkubwa, kazi ambayo kwa haki ya umri yeye ndiye angenifanyia, nayo ni kuwasomea maisha ya marehemu.

Fernande alizaliwa tarehe 3 Juni 1948 hapa Sainte-Clothilde-des-Caps, katika Mtaa wa Chini, kando ya mto Saint-Laurent, akiwa mtoto wa nne wa mzee Ovila Desgagné na mama Philomène. Alianza masomo Septemba 1954 katika shule ile ile ya matofali inayosimama Mtaa wa Chini hadi leo, akaendelea kwa masista wa La Malbaie, na tarehe 30 Mei 1970 akahitimu elimu ya miamba katika chuo kikuu jijini Québec, binti wa kwanza wa kijiji hiki kuvaa joho.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika ofisi ya serikali inayoshughulikia matetemeko ya ardhi, na kwa miaka thelathini na saba kazi yake ilikuwa kusoma taarifa za zamani za uharibifu, barua za mapadre na magazeti yaliyopauka, kisha kukadiria kwa kila kijiji, katika kipimo cha ngazi kumi na mbili, ardhi ilitikisika kwa nguvu gani siku ile ya tetemeko la Oktoba 1870, wakati ambapo hapakuwa na chombo cha kulipima.

Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na fundi mwashi Lucien Gaudreault, aliyeketi hapa mbele, wakajaaliwa Solange, Benoît, na mjukuu mmoja, Maélie, aliye darasa la tatu katika shule hiyo hiyo. Nyumba yao haikukosa utani, na ni katika utani huo, jioni moja ya Machi 1994, mimi nikiwa mgeni wao mezani, wakati Fernande akieleza kwamba Mtaa wa Chini umepewa ngazi ya sita tu kwa kuwa dohani za kutolea moshi zilizoanguka huko ni tatu, mumewe alipomkatiza.

"Mama Solange, zilizoanguka umezihesabu. Na zilizokuwapo je?"

"Kula, fundi, supu inapoa."

"Nakula. Lakini nani kule chini alikuwa na dohani ya mawe? Maskini wale walikuwa na vibomba vya bati! Kisichokuwapo kitaangukaje?"

Aliyeacha supu ikapoa ni yeye Fernande. Kuanzia siku hiyo aliacha kuhesabu dohani, akatafuta visima vilivyotibuka, watu waliotupwa chini wakiwa wamesimama, na mawe ya makaburi yaliyojigeuza juu ya misingi yake, na mwaka 1999 akathibitisha kwamba udongo wa mfinyanzi ulio chini ya mtaa wetu ulitikisika kwa ngazi ya nane na nusu, si ya sita.

Tarehe 8 Februari 2011 alifika mbele ya baraza la kijiji, nami nikiwa karani niliyeandika maneno yote, akaomba shule ihamishiwe huku juu, kwenye mwamba ambao hautikisiki kama udongo. Meya wa wakati ule akacheka. "Bibi wewe, mwaka 1870 hakufa hata kuku kule chini, leo unataka kutuulia shule?"

Fernande akamjibu, "Hawakufa kwa sababu walilala ndani ya nyumba za magogo, mwanangu, na gogo huyumba. Tofali haliyumbi, linaporomoka."

Ombi likakataliwa kwa kura tano dhidi ya mbili.

Februari mwaka huu madaktari waligundua saratani ya kongosho. Tarehe 19 Aprili alituma barazani ombi lake la pili la kuhamisha shule, na kila asubuhi aliyoamka hospitalini alimuuliza Solange, "Wamejibu?" naye akimwambia, "Bado, mama." Jumatatu tarehe 18 Oktoba, saa nne asubuhi, aliuliza kwa mara ya mwisho, akapewa jibu lile lile, akageukia ukutani, na roho ikamtoka saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lucien, ambaye tangu saa hiyo hajafanya utani hata mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa ofisini waliosafiri kutoka mbali, majirani walioleta chakula na kuni, na watoto arobaini na mmoja wa shule ya Mtaa wa Chini waliotuimbia asubuhi hii, Maélie akiwa mstari wa mbele, ambao Jumatatu, kengele ikilia, watarudi darasani kule kule.

Dada yangu Fernande, wewe tunakwenda kukulaza huku juu, penye mwamba. Pumzika kwa amani.