Sentimita Kumi za Jengo la Kona

Marehemu mama yetu, ambaye karibu mtaa mzima ulimwita Mama Rula, ingawa ni wachache mliothubutu kumwita hivyo akiwa anasikia, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, saa kumi na moja na robo alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyokuwa mwendo wa hatua arobaini kutoka mahali lilipo leo Jengo la Kona, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba mwashi na mama mshona magodoro. Baba yake aliandika ukutani kwa penseli ya kazi kwamba ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini, lakini marehemu alipokua alichunguza na kugundua kuwa saa ya baba ilikuwa ikitangulia dakika tano, akatuagiza sisi wanawe kwamba siku ya kusomwa historia hii isomwe robo, si dakika ishirini, na tumetii.

Tutaifuata historia yake kwa mpangilio, lakini mtasikia mara kwa mara tukirudi kwenye Jengo la Kona, ambalo leo mmeketi chini ya kibaraza chake, kwa sababu ndilo lililompa mume, ndilo lililompa jina, na ndilo lililobeba kosa la pekee la kazi yake aliloliona kuwa aibu, kosa ambalo lilikaribia kuwang'oa watu ishirini na watatu wanaojitafutia riziki humu, na ambalo mwenyewe alisisitiza lisirukwe.

Alianza shule ya msingi ya hapa mtaani mwaka 1956 na kumaliza mwaka 1963, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1967, kisha mwaka 1968 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za majengo, akiwa msichana peke yake katika darasa la watu ishirini na saba, ambapo mwalimu wake wa kwanza alimkalisha karibu na mlango akiamini kwamba hatamaliza mwezi, naye akashukuru, kwa kuwa mlangoni ndipo palipokuwa na mwanga mzuri, akakaa hapo miaka mitatu na kumaliza wa kwanza.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika ofisi ya ramani ya manispaa, akaitumikia kwa miaka thelathini na mitatu bila kuhama. Hakuna nyumba ya mtaa huu ambayo hakuingia na futi yake ya kupimia, alijua sakafu ya nani inainama kuelekea jikoni, alijua ngazi ipi ina kidato kifupi kuliko vingine na angekuonya kabla hujajikwaa, na alikuwa na tabia ya kuuwekea ukuta kiganja kabla ya kuupima, kama daktari anavyomgusa mtoto mwenye homa. Jengo la Kona, lililojengwa mwaka 1953, ghorofa mbili, nguzo sita za mbele, roshani za mbao na ngazi za terazo ya kijani, alilijua kuliko nyumba yake. Aliliona duka la vitambaa la chini likigeuka kuwa duka la viatu, kisha la kaseti, kisha la miamala ya simu, akaiona studio ya picha ikitoa chumba chake cha giza kwa mashine za kutolea nakala, akaona pale seremala alipopigia randa pakifunguliwa saluni, ambako hadi leo ukikwangua kona ya sakafu unakuta vumbi la mbao, na kila biashara mpya ilipoingia alikwenda kuwapongeza wenyewe na kuwaambia, bila kuulizwa, kwamba kabati lao limekaa upande, na hao ndio waliompa jina la Mama Rula.

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974, alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na kimeza chake chini ya ngazi za jengo hilo, mtu mpole, mwenye subira ya kuchokonoa saa moja kutwa nzima. Walijuana kwa sababu Mama alimrudishia saa ile ile mara nne akilalamika kwamba inachelewa nusu dakika kwa wiki, na mara ya tano fundi akakiweka chini kibano chake na kusema, "Dada, saa hii ni nzima kabisa, kama ni mimi unayetaka kunikagua, sema tu." Mama alituhakikishia kwamba alimjibu kuwa saa bado inachelewa, na kwamba posa ilikuja miezi miwili baadaye. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni muuguzi, kijana wa pili ambaye ni fundi umeme, na binti wa mwisho ambaye ni mwalimu, wote tuliofundishwa kukata mkate kwa vipande vinavyolingana.

Sasa tunafika siku ya Alhamisi, tarehe 16 Aprili 1987. Siku hiyo marehemu alitumwa kulipima Jengo la Kona kwa ajili ya ramani mpya ya mtaa, na futi ya ofisi ikiwa imechukuliwa na mwenzake, akaazima ya seremala wa chini. Wenye ufundi mnajua kwamba futi ya chuma ikivunjika ncha fundi haitupi, huikata pale penye sentimita kumi na kuendelea nayo, ila kila akipima huanzia kumi na kupunguza kumi mwishoni, na seremala alimkumbusha hivyo zaidi ya mara moja. Mama akapima vipimo thelathini na viwili, akapunguza kumi katika kila kimoja, isipokuwa cha mwisho, upana wa uchochoro uliopo kati ya jengo hili na jirani yake, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza, akaandika haraka mia mbili thelathini na nne, akafunga daftari akijua atapunguza akifika ofisini, na hakupunguza. Ramani ikachorwa, ikapigwa mhuri, ikawekwa kabatini.

Aliligundua kosa hilo Julai 1988 alipokuwa akipitia madaftari ya zamani, na mtu pekee aliyemwambia ni Baba, ambaye alimshauri aende akaseme mara moja, kwa kuwa yeye mwenyewe kila wiki alikuwa akiwaambia wateja kwamba amekosea na hakuna aliyemla. Mama akasema atakwenda Jumatatu. Jumatatu hiyo haikufika. Ilipita miaka, akapanda cheo, akaanza kufundisha vijana, na mwaka 1996 mmoja wa vijana hao alichaniwa mchoro wake mara tatu kwa tofauti ya sentimita mbili, na kadiri sifa za Mama za umakini zilivyokua ndivyo zile sentimita kumi zilivyozidi kumlemea. Alistaafu tarehe 31 Machi 2004. Baba alifariki mwaka 2011, na siri ikabaki na mtu mmoja.

Mwaka 2021 madaktari walimgundua kuwa na maradhi ya moyo, miguu ikawa inavimba, akakatazwa chumvi, ghadhabu na ngazi, naye akafanikiwa kuacha chumvi.

Siku ya Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, kwenye nguzo ya tatu ya jengo hili ilibandikwa notisi kwamba jengo limesogea sentimita kumi kuelekea kwa jirani tangu mwaka 1987, kwamba msingi umeshindwa, na kwamba wapangaji wote waondoke ili libomolewe. Mhandisi wa manispaa alikuwa amepima uchochoro akapata mia mbili ishirini na nne, akalinganisha na ramani, akaona na ufa kwenye ukuta wa ngazi, akaamini ramani kwa kuwa ilikuwa na sahihi ya mwalimu wake, maana mhandisi huyo ndiye yule kijana aliyechaniwa michoro. Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, ambaye sote tunamwita Shangazi Pindo, alipeleka nakala ya notisi hiyo nyumbani kwa Mama ili amsomee, na Mama aliisoma, na kwa wiki kadhaa hakula vizuri, tukadhani ni moyo.

Mkutano wa mwisho uliitishwa siku ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa tisa alasiri, katika ghorofa ya tatu ya ofisi za manispaa, na lifti ilikuwa mbovu. Vijana wakataka kumbeba kwenye kiti, akakataa, akapanda mwenyewe vidato hamsini na viwili, akipumzika kila kituo, na alipofika juu alisema kidato cha kumi na tisa ni kifupi. Wapangaji walizungumza mmoja mmoja, kinyozi akasema hana pa kupeleka viti vyake, fundi simu akasema wateja wake wanamjua kwa nguzo, si kwa jina, na mhandisi akawajibu kwa huruma lakini kwa msimamo kwamba vipimo havibembelezwi, na kwamba ramani ya mwaka 1987 ilichorwa na mtu ambaye hajawahi kukosea. Hapo ndipo Mama aliposimama, akishika mgongo wa kiti cha mbele, akasema, "Mwanangu, jengo halijasogea. Aliyekosea ni mimi."

Mhandisi alimwomba afikiri tena, akamkumbusha kwa upole kwamba akisema hivyo kila ramani yake itatiliwa shaka, naye akajibu kwamba amefikiri kwa miaka thelathini na sita na inatosha, kisha akaeleza yote, futi ya seremala, mvua, daftari, na ile Jumatatu, akalitoa daftari lenyewe kwenye mkoba.  Kisha kinyozi akasema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Na mimi miaka yote unanirudisha kwenye kiti cha mteja kwa unywele mmoja," watu wakacheka, Shangazi Pindo akacheka huku analia, na mhandisi akafunga faili na kuamua kwamba uchochoro upimwe upya kesho yake, asubuhi na mapema. Ni kweli kwamba baadaye wenye nyumba wawili waliomba kuta zao zipimwe tena, na walikuwa na haki hiyo, nazo zilikutwa sawasawa. Ufa wa ngazi ulikuwa wa lipu tu, bomba la mvua lililokuwa likivuja nyuma yake limebadilishwa, notisi imebanduliwa, na alama ya gundi mnaweza kuiona hapo kwenye nguzo.

Marehemu alilazwa tarehe 3 Machi 2025 na kufariki siku ya Ijumaa, tarehe 21 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita na siku kumi na mbili, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, hasa yule daktari aliyekubali kuhamisha kitanda chake kwa sababu hakikulingana na dirisha, inawashukuru majirani mliopokezana kumpelekea uji usio na chumvi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya ramani, na wafanyabiashara wote wa Jengo la Kona mliofunga milango leo ili kuwa nasi.

Na kwa kuwa yamezuka masimulizi mengi kuhusu asubuhi iliyofuata mkutano, wengine wakidai alilazwa, wengine kwamba alijifungia ndani kwa aibu, tunaomba ieleweke hivi. Siku ya Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, saa moja kasoro dakika kumi, marehemu alimkuta mhandisi uchochoroni na futi mpya, peke yake, msaidizi wake akiwa hajafika. Akaegemeza fimbo ukutani, akapiga goti moja taratibu, akaishika ncha ya futi na kuibana kwenye ukuta kwa kidole gumba, kazi anayopewa mwanafunzi wa wiki ya kwanza, akamwambia mhandisi avute. Mhandisi akasoma mia mbili ishirini na nne. Mama akamwambia asome tena, akasoma tena, ikawa hiyo hiyo. Kisha Mama akaomba ile ramani ya zamani na kalamu, akaiweka juu ya goti lake, akaikata ile mia mbili thelathini na nne kwa mstari mmoja mwembamba, ili ibaki ikisomeka, akaandika pembeni kipimo cha kweli, tarehe, na jina lake lote.

Lala kwa utulivu, Mama.