Siku Laila Aliponizuia

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wetu wa Chuo Bwana Philemon, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Lugari, Matungu, Malava na hapa mjini Kakamega, na ninyi wahitimu mliovaa sare hiyo leo kwa haki yenu: mulembe. Assalam aleikum. Bwana asifiwe.

Nimepewa dakika kumi za kuaga, na aliyenipa ananijua, ndiyo maana ameketi karibu na kipaza sauti. Mimi ni Jescah Musimbi. Kwa miaka ishirini na sita nimewafundisha wanafunzi wa chuo hiki kazi za mikono: kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, kufunga kidonda, kutundika dripu, kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Asubuhi yote nimesikia nikisifiwa kwamba mkono wangu haujawahi kukosa mshipa. Nashukuru. Lakini je, niende nyumbani na sifa ambayo haijakamilika? Niruhusuni niwasimulie siku niliyokosea jambo kubwa kuliko mshipa.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Mayoni, jina lake Laila. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na mwendo wake wa kazi ulinikera. Katika mtihani wetu wa vitendo mgonjwa huwa ni sanamu ya plastiki, na kila mwanafunzi ana dakika kumi na tano. Wenzake waliikimbilia ile sanamu wakaanza kazi. Yeye alisimama kando ya kitanda akaiuliza, "Unaitwa nani?" Akanyamaza kana kwamba anangoja jibu, kisha akainama kusoma utepe wa mkononi, jina na nambari. Darasa likaangua kicheko.

"Laila, hiyo ni plastiki," nikamwambia. "Songa mbele."

"Sawa, Madam," akasema, na akaisoma nambari mara ya pili.

Muda ukamwishia kabla hajamaliza. Nikamwandikia: Hajiamini. Nikampa alama za chini kuliko wote, naye akaikunja ile karatasi kidogo kidogo mpaka ikatosha kiganjani.

Wiki mbili baadaye niliwapeleka tisa kati yao wodini, Laila akiwamo, kuwaonyesha jinsi ya kumwekea mgonjwa damu. Ilikuwa saa nne asubuhi na wodi imejaa. Mimi na muuguzi wa zamu tuliukagua mfuko wa damu tukiwa mezani, tukaulinganisha na faili ya Abigail Ayuma, na kila kitu kilikuwa sawa. Nilichokuwa sijui ni kwamba siku hiyo wodi ilikuwa na akina Abigail Ayuma wawili, mmoja wa Malava, mwingine wa Chekalini. Mfuko ulikuwa wa yule wa Malava. Mimi nikaenda kwa yule wa Chekalini, mama wa makamo aliyelala karibu na dirisha.

"Wewe ni Abigail Ayuma?"

"Ndiye mimi, daktari."

Nikautundika mfuko huku nikiwaeleza wanafunzi kila hatua. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kigurudumu cha kufungulia damu niliposikia, "Madam, ngoja kwanza."

"Laila, usinikatize mbele ya mgonjwa."

Hapo ndipo aliponishika mkono. Ndiyo, Mheshimiwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili alimshika mwalimu wake mkono mbele ya watu. "Nambari si yake, Madam. Utepe unaishia na sita moja. Mfuko unaishia na moja sita."

Nikasoma. Nikasoma tena. Damu ilikuwa ya kundi B, na mama huyu alikuwa wa kundi O. Wahitimu mnajua maana yake. Wazazi, niwaambie tu kwamba ingeweza kumuua sisi tukiwa tumesimama pale.

Niliushusha mfuko, nikaketi karibu na yule mama nikamwambia, "Mama, nilikaribia kukuwekea damu ya mtu mwingine. Kosa ni langu. Huyu mwanafunzi ndiye amenizuia."

Akamwonyesha Laila kwa kidole. "Basi huyu akae hapa," akasema. "Wewe nenda ukapumzike kidogo."

Mnacheka. Hata mimi siku hizi nacheka. Siku ile sikuweza.

Nilipoichukua fomu ya kuripoti kosa, msimamizi wa wodi, Sylvanus, alinivuta kando. "Madam, hakuna aliyeumia. Kwa nini ujichafulie jina? Tuyamalize hapa." Alinionea huruma, simlaumu. Lakini wanafunzi tisa walikuwa wakitutazama, na ningekuwa nimewafundisha nini siku hiyo: kutundika damu, au kuficha? Nikaandika, nikatia sahihi. Kabla ya jioni wale mama wawili walikuwa wamepata damu yao, kila mtu yake, na wote walipona wakarudi kwao. Mimi niliondolewa wodini mwezi mzima. Nikiingia chumba cha walimu, mazungumzo yanakatika. Iliuma sana.

Mwezi huo ndio ulionifanya mwalimu. Nilimwita Laila, nikamwomba msamaha, nikazirekebisha alama zake mbele ya macho yake. Kisha nikaubadilisha mtihani. Tangu hapo, katika kila mtihani wa vitendo mimi mwenyewe hufanya kosa moja makusudi, na asiyenizuia hapiti, hata mikono yake iwe myepesi namna gani. Mwaka wa kwanza walinizuia watano kati ya thelathini na wawili. Wengine waliliona kosa, wakaniambia baadaye, "Tulikuogopa, Madam." Na nani aliyewafundisha woga huo, kama si mimi? Mwaka huu mmenizuia nyote. Oliver hata alininyang'anya sindano! Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba kaunti hii leo inapata wauguzi bora kuliko nilivyokuwa mimi. Ombi langu kwenu wakubwa wa hospitali ni hili: wakiwaambia mngoje, msiwaulize wana vyeo gani. Ngojeni.

Laila amefanya kazi Matungu, wodi ya akina mama, kwa miaka saba. Jumatatu anachukua nafasi yangu. Simama, Laila, watu wakuone.

Jana nilipomkabidhi funguo za chumba cha mazoezi, aliniuliza, "Na mimi nikikosea, Madam?"

"Utakosea," nikamwambia. "Wafundishe vizuri, watakuzuia."

Asanteni kwa kunipa masikio yenu, na kwa kuniaminia watoto wenu miaka yote hii.