Kidole Changu, Supu Yangu na Jina la Mama Kalekye

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Mnanitazama? Nimevaa viatu viwili! Ndugu zangu, msicheke, kwangu huo ni muujiza.

Mnanijua, mimi ni Baba Mwende, muuza supu ya kichwa hapa steji ya Kawangware 46. Nilikuwa naionja tangu alfajiri. Mchana maini na figo, jioni bia mbili tatu na marafiki. Nikajiona nimebarikiwa.

Asubuhi moja niliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, kinawaka moto. Hata shuka ikikigusa nalia! Nami nikafanya nini? Nikanywa supu zaidi, eti nipate nguvu. Kidole kikazidi. Basi sisi watu wa Ukambani tunajijua: mguu ukivimba bila jeraha, tunasema umekanyaga kamuti, umerogwa. Na nani hufagia mpaka mlangoni pangu, anaweza kuitega hapo? Mama Kalekye, jirani yangu mjane, anayeuza sukuma pale soko la Kongo, papa hapa Kawangware. Nikamtaja. Nilimtaja kwa wateja wangu, bakuli mkononi! Ndugu zangu, watu waliacha kununua mboga yake. Sukuma zikanyauka mezani, nami nikaona anastahili. Nasema haya kwa aibu.

Siku maumivu yaliponiangusha uani, mke wangu alikuwa sokoni. Aliyekuja mbio ni huyo huyo Mama Kalekye.

"Baba Mwende, najua vile unaniongelea huko nje," akaniambia. "Lakini hiyo mguu inataka daktari. Shika bega, twende."

Nikashika bega la mtu niliyemwita mchawi!

Kliniki walinipima damu. Daktari akasema ni jongo. Mwili ukivunjavunja vyakula kama maini, figo na supu nzito ya nyama, unabakisha taka inayoitwa asidi ya yuriki. Bia huiongeza. Figo zikishindwa kuitoa yote, inaganda kwenye kiungo, chembe ndogo kali kama chupa iliyosagwa. Wengine, akasema, wamezaliwa na figo zinazochelewa kuitoa. Hapo nikamkumbuka marehemu baba akichechemea. Naye tulimtafutia mchawi!

Akanipa dawa, akaniambia niache bia, nipunguze nyama, ninywe maji kwa wingi. Dawa nameza mpaka leo, na namshukuru Mungu kwa kila kidonge! Supu bado nauza. Kuionja namwachia Mama Mwende.

Mama Kalekye, simama, mama. Ndugu zangu, mtazameni. Huyu hakunitupia kitu. Nilimchafua bakuli mkononi, leo namsafisha mbele ya madhabahu. Na amenisamehe! Asante, Yesu!

Wewe ambaye mguu wako unawaka moto leo, mtumaini Bwana, ukapimwe damu kabla hujataja jina la mtu. Na kesho asubuhi, kila aliyeacha kununua kwa mama huyu kwa sababu yangu, anifuate. Naenda Kongo kununua sukuma, na naenda kwa miguu.