Mwandishi wa Gemu na Bi Kufuli

UULKAN: Haloo! Mwandishi wa gemu, upo?

ERNIS: Nipo. Nani mwenzangu?

UULKAN: Mtu ambaye hajauawa kwenye gemu tangu theluji iyeyuke. Haya, mara moja. Leo mara saba. Lakini leo skrini imelowa machozi, sioni adui yuko wapi.

ERNIS: Mama Uulkan! Shikamoo mama. Habari za huko milimani Naryn?

UULKAN: Marahaba. Habari zangu si umeshazitia gazetini? Unaniuliza nini?

ERNIS: Umeisoma? Watu wameipenda, mama! Wataalamu wa saikolojia wanani—

UULKAN: Perizat kaondoka.

ERNIS: Perizat...?

UULKAN: Mkamwana wangu! Asubuhi hii. Mjukuu mgongoni, sanduku analiburuta kwenye matope. Mume wake yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu. Nimebaki mimi na ng'ombe, na ng'ombe naye hanitazami.

ERNIS: Pole sana, mama. Lakini jina lako sikuliandika. Niliahidi na—

UULKAN: Uliandika Bi Kufuli!

ERNIS: Ndiyo, ili kukuficha—

UULKAN: We mtoto wa ghorofani, nani alikulea? Mkamwana anaruhusiwa kutamka jina la mama mkwe?

ERNIS: Hapana.

UULKAN: Anafanyaje?

ERNIS: Anambandika jina analolibuni mwenyewe.

UULKAN: Enhe! Kina Uulkan Naryn nzima tumejaa, ungeandika Uulkan nisingejulikana. Bi Kufuli yuko mmoja duniani, na aliyembatiza ni Perizat, kwa sababu ya sanduku langu la sukari lenye kufuli!

ERNIS: Ee Mungu wangu. Mama, hilo... hilo nilipitiwa.

UULKAN: Ulipitiwa. Mimi nilikuamini. Uliandika kwenye ukurasa wako, "wachezaji, nipigieni, nitakuwa kaburi." Nikapiga. Nikakueleza mambo ambayo hata dada yangu sijamweleza. Kwamba yeye kule chumbani na simu yake, mimi huku jikoni na yangu, tunapigana vita upande mmoja, na hajui kwamba yule Tai wa kwenye gemu ni mimi.

ERNIS: Ndiyo maana ilinigusa—

UULKAN: Ikakugusa ukaiita upelelezi! "Mama mkwe mpelelezi"! Uliandika kwamba akimwambia Tai mgongo unamuuma, kesho yake mimi nakamua ng'ombe? Hukuandika.

ERNIS: Nafasi ilikuwa ndogo, ma— [mkwaruzo] —hariri akakata.

UULKAN: Nini?

ERNIS: Mhariri alikata!

UULKAN: Mhariri kakata, wewe umepitiwa. Ninyi wote hamna mikono. Mezani kwangu yule binti alikuwa anainamisha kichwa, "ndiyo mama, hapana mama." Kwa Tai anacheka! Ananitukana mpaka najiziba mdomo kwa kitambaa. Hata siku moja sikukasirika. Mbili. Ile ya kusema nina masharubu nilikasirika.

ERNIS: (anacheka)

UULKAN: Usicheke! Sasa sikia. Mpigie. Mwambie umetunga, Tai ni kijana wa mji wa Osh, mtu yeyote. Wewe ni mwandishi, kutunga si kazi yako?

ERNIS: Siwezi kumdanganya, mama.

UULKAN: Leo huwezi!

ERNIS: Na tena hanijui. Haki ya Mungu, sijawahi kuongea naye hata siku moja. Bila shaka jirani kamsomea gazeti. Mpe siku mbili tatu, mama. Mtoto akipona hicho kikohozi, hasira zitashuka, watarudi tu.

UULKAN: Kikohozi gani, Ernis?

ERNIS: Si... watoto, na baridi hii ya Naryn—

UULKAN: Kimeanza juzi jioni. Hata baba yake hajaambiwa.

ERNIS: Mtandao huo, mama, unakatika—

UULKAN: Nakusikia mpaka unavyomeza mate. Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumamosi tumekaanga maandazi pamoja, Jumapili tumecheza, kaniambia, kamwambia Tai, "bila wewe ningeshakimbia nyumba hii." Leo Jumanne kaondoka. Ulimpigia lini?

ERNIS: Jana.

UULKAN: Ukamwambia Tai ni nani.

ERNIS: Nilihitaji maoni yake, kwa makala ya pili. Alikataa kuamini, mama, ikabidi nimsomee ujumbe ulionitumia.

UULKAN: Alilia?

ERNIS: Haloo? Mama, samahani, salio linaniishia, nitakupigia baadaye—

UULKAN: Aliyepiga ni mimi, Ernis. Salio ni langu.